Samaki Hawabebi Mizigo

Migori, 19 Januari 2025

Ndugu yangu Yassir,

Assalamu alaikum. Huku sisi wazima, ila vumbi. Malori ya miwa yanayoelekea Awendo yanapita mbele ya duka tangu asubuhi na vumbi lao linaingia hadi kwenye bakuli la sukari. Mama anakusalimu. Miguu yake inavimba akikaa sana, na hataki kuambiwa asikae. Abdirashid yuko Isiolo kufuata mbuzi, na akipiga simu anaulizia bei ya kila kitu isipokuwa hali yangu mimi mke wake. Wanawake wa Migori wameamua mwaka huu ni madera ya maua makubwa, basi nashona maua makubwa. Mkeo Hadiya anaendeleaje na ujauzito? Nasikia kutapika kumemzidi. Mwambie akuagize vitu vya ajabu usiku na mchana, ni haki yake.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu kama tuko enzi za baba. Simu yangu ni kama si yangu. Sumayya ndiye anayesoma oda za wateja, ndiye anayewajibu, ndiye ajuaye kuifungua hata nikiifunga. Nitakayokuambia hayafai kupita mikononi mwake. Mayaka, yule anayepeleka mitumba Rodi Kopany siku za soko, amekubali kuacha barua kwa mama wa ndizi pale stendi. Wewe ukipita Rodi uchukue, na yako uiache hapo hapo.

Sasa jambo lenyewe. Mgongo wa mwanangu Sumayya unapinda. Nimeshaliandika, basi.

Katikati ya mwaka jana madera yake yalianza kuburuta upande mmoja. Nikadhani nimekata vibaya, mimi huyu niliyewashonea maharusi wa mji mzima. Nikapunguza pindo upande ule. Baada ya muda likaburuta tena, nikapunguza tena. Halafu bega la kulia likaanza kuvuta kitambaa, nikatia sponji bega la kushoto ili yalingane. Nilikuwa narekebisha nguo, Yassir, wala sikuwahi kujiuliza kilichomo ndani ya nguo. Wiki jana nilipita nyuma yake akiswali adhuhuri. Alikuwa kwenye rukuu, na upande mmoja wa mgongo wake umeinuka kama mtu aliyeficha sahani chini ya nguo.

Yeye hajaniambia kitu na mimi sijamwambia. Nimemshonea dera ambalo hata wewe ungemtazama usingeona lolote. Nafikiri ni lile begi la shule. Na mimi humtuma stendi kuchukua majora ya vitambaa, anayabeba mkono mmoja. Kama ni hivyo, ni mimi niliyempinda.

Hospitali usinitajie. Kila asubuhi nikifungua duka namwona Jared pale ng'ambo, yule aliyeangukiwa na shimo la dhahabu Macalder. Walimpasua mgongo, na tangu siku hiyo anasukumwa kwenye kiti.

Lakini wewe kazi yako ni samaki waliopinda. Ulitueleza Idi iliyopita tukakucheka, kwamba mtu wa ukoo wa ngamia amegeuka yaya wa samaki. Leo sicheki. Niambie wanapindwa na nini, na mnawanyosha vipi.

Dada yako,
Habon


Homa Bay, 2 Februari 2025

Kwa dada Habon,

Waalaikumu salaam. Barua ilinifikia ikinuka ndizi. Hadiya anashukuru kwa salamu, na ushauri wako ameutekeleza: juzi alitaka maembe mabichi na chumvi, na nilipoyaleta akalia kwamba yananuka. Ziwa limetulia, joto kali. Mwambie Mama ainue miguu juu ya mto, na akikataa mwambie ni mimi nimesema, atakataa vizuri zaidi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nitakueleza ninachokijua, na ujue mimi ni mtu wa kusafisha matangi na kulisha. Mwenye elimu ni Daktari Linet, na yeye pia ni daktari wa samaki.

Samaki wetu hawaliwi. Ni wadogo, urefu wa njiti ya kiberiti, wana milia, na wakiwa wachanga mwili wao unapenya mwanga hadi unaona mifupa. Wanaanguliwa wakiwa wamenyooka kabisa. Wiki za kwanza huwezi kumjua nani ni nani. Halafu wanapoanza kurefuka haraka, baadhi yao uti wa mgongo unaanza kwenda upande. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa kwa watoto wengi wa binadamu: wanakuwa wamenyooka vizuri utotoni, na inawapata wakati wa kurefuka, na wasichana ndio inaowazidi. Ndiyo maana anawafuga hawa, ili aone mwanzo wake, kwa sababu kwa mtoto huwezi kuuona mwanzo. Ukija kugundua, imeshaanza.

Kuhusu begi, nisikilize vizuri. Samaki hawabebi mizigo. Hawasimami hata, dada. Hakuna aliyewatuma stendi. Wanaelea tu kwenye maji safi, wanakula kwa saa, na bado wanapinda. Kwa hiyo hilo la kwamba umempinda wewe liondoe moyoni leo hii.

Jared aliangukiwa na mwamba, mwamba ndio uliomvunja, si daktari. Tafadhali mpeleke Sumayya apigwe picha ya eksirei. Picha haikati mtu. Wapime umepinda kiasi gani, kisha tuongee.

Ndugu yako,
Yassir


Migori, 24 Februari 2025

Ndugu yangu Yassir,

Salamu nyingi. Ramadhani iko mlangoni na wateja wote wamekumbuka siku moja kwamba hawana nguo. Mama amekataa mto, kama ulivyosema. Abdirashid amerudi na kukohoa kwingi na mbuzi wachache.

Ile habari ya begi niliisoma nikalia dukani, nikamwambia mteja ni uzi umenichoma jicho. Mungu akulipe. Lakini ukinipa hewa kwa mkono huu unaninyima kwa ule. Kama hawabebi kitu na wanapinda, basi inatoka wapi? Hao samaki waliopinda wana wazazi. Wazazi wao wakoje? Sumayya ana damu ya Abdirashid na damu yetu. Nimemuuliza Abdirashid kwa njia ya kuzunguka, akasema kwao wote wamenyooka kama mikuki, mpaka bibi yake wa miaka mingi. Kwetu je? Wewe unawajua wanaume wa kwetu kuliko mimi. Kuna mtu?

Jambo lingine. Waliopinda sana mnawafanya nini? Hukusema.

Hospitali sijaenda. Nilifika hadi geti na Sumayya, nikamwambia tumekuja kumwona mgonjwa, kisha nikasema mgonjwa ameruhusiwa. Aliniangalia tu. Yassir, nimeogopa kuliko siku ya kumzaa. Siku ile nilijua kutakucha, hivi au vile. Hili sijui linaenda wapi. Namsikia akigeuka kitandani nashtuka.

Habon


Homa Bay, 6 Aprili 2025

Dada Habon,

Idi njema iliyopita, na unisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi mwezi wa mfungo, na Hadiya alilazwa siku mbili kwa kuishiwa maji. Sasa yuko sawa, tumbo limejitokeza, na amerudi kunigombeza, kwa hiyo nimejua amepona.

Nikupe habari njema niliyokuwekea. Tuna aina moja ya samaki ambao kupinda kwao kunafuata maji. Wakiwa kwenye tangi la maji ya baridi kidogo wanakua wamenyooka. Ukiwahamishia kwenye maji ya joto wakati wa kurefuka, wanaanza kupinda. Mwezi uliopita Daktari Linet alichukua walioanza kupinda akawarudisha kwenye baridi. Waliorudishwa mapema, kupinda kumesimama palepale. Hawakunyooka, lakini hawakuendelea. Waliochelewa wamebaki vile walivyo. Daktari alifurahi mpaka akatununulia soda.

Nimekuandikia haya ili ujue kwamba mapema ni kitu kikubwa. Inaweza kusimama. Mpeleke, dada. Wapo watoto wanaovishwa mkanda mgumu wa plastiki mwilini na kuzuia isizidi, lakini lazima wapimwe wakiwa bado wanakua.

Mengine tutaongea tukionana. Msalimie Mama.

Yassir


Migori, 27 Aprili 2025

Yassir,

Sote wazima. Mvua imeanza kwa hasira, barabara ya kwetu imekuwa matope. Mama anakusalimu.

Maswali yangu mawili umeyaruka kama mtaro. Nimeona. Sitauliza tena kwa barua hii.

Ila ile habari ya baridi imenirudishia usingizi. Kuna kitu nimeanza. Sikuambii ni nini kwa sababu utaniletea maneno ya Daktari wako. Kikifaa utakuja uone kwa macho yako.

Omba dua.
Habon


Homa Bay, 9 Mei 2025

Dada,

Umeanza nini?

Nimekupigia simu tangu nilipoisoma barua yako. Kila mara unasema "sote wazima" na nasikia Sumayya akicheka nyuma yako, unakata. Basi nakuandikia, na nimemwomba mama wa ndizi amkabidhi Mayaka mwenyewe.

Samaki wale wamezaliwa na kasoro moja ambayo ndiyo inayosikia joto na baridi. Ni wao tu, katika tangi hilo tu. Samaki wengine wetu waliopinda ukiwatia kwenye barafu watapinda hivyohivyo. Mtoto wa binadamu damu yake haifuati joto la maji anayokaa. Nilipaswa kuandika hivyo tangu mwanzo. Nilitaka kukupa kitu cha kufurahia nikakimbilia kuandika.

Kama unamfanyia chochote cha baridi, acha leo. Sitaki kueleza kwa nini ninaogopa, lakini ninaogopa sana.

Yassir


Migori, 15 Juni 2025

Ndugu yangu Yassir,

Assalamu alaikum. Tunashukuru tuko nyumbani. Barua yako ya tarehe tisa Mei nimeipata juzi. Mayaka aliniletea akiwa ameinamisha kichwa. "Mama Sumayya, usinikasirikie. Gari iliharibika, hiyo soko sikuenda wiki tatu, na mama wa ndizi alikuwa ameenda matanga kwao. Barua ilikaa tu chini ya kopo." Sikumkasirikia.

Asante kwa kuja hospitali Sumayya alipolazwa. Tulikaa kwenye lile benchi siku nzima, na wewe hukuniuliza na mimi sikukwambia, kwa sababu ya macho ya Mama. Sasa nakuandikia nilichofanya, maana ukikisikia kwa Sumayya kitakuwa kizito zaidi.

Nilinunua pipa la bluu, nikalikata juu, nikaliweka uani nyuma ya choo. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nililijaza maji yaliyolala nje na mvua, nikamwambia aingie akae hadi shingoni. Nilimwambia ni dawa ya ngozi, kwamba wasichana wa sasa wanafanya hivyo wapate kung'aa. Alikaa. Meno yanagongana, midomo imekuwa ya kijivu, na mimi nimesimama na taulo ninasoma Ayatul Kursi. Nilikuwa ninahesabu kwamba amekuwa samaki wako. Ndivyo nilivyowaza, Yassir, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Alianza kukohoa. Nikasema ni vumbi, na vumbi lilikuwa halipo, mvua ilikuwa imelilaza. Nikaendelea. Asubuhi ya mwisho alisimama mbele ya pipa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hooyo, hii maji hainyooshi mgongo." Nilimuuliza mgongo gani. Akasema, "Wangu. Si ndiyo sababu unanishonea hivi? Mi najua tangu nikiwa Gredi ya saba. Nilikuwa naogopa utalia."

Kisha akaingia majini mwenyewe, kwa sababu nilikuwa bado nimeshika taulo. Sikumzuia. Jioni ile alikuwa na homa hadi anaita watu wasiokuwepo.

Daktari wa kule hospitali, kijana tu, alisema ni nimonia, na kwamba si lazima yawe maji yaliyoileta, inaweza kuwa ilimwingia kwa njia nyingine. Alisema kwa upole. Sijamwamini. Akampiga picha ya kifua ili aone mapafu. Aliporudi nayo alinikalisha. "Mama, mapafu yatapona. Lakini angalia hapa katikati." Nikaangalia. Ule uti ulikuwa umekwenda kama herufi S. Niliufunika kwa vitambaa mwaka mzima, na ukaonekana kwa sababu ya kikohozi. Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema ndiyo.

Tumeelekezwa Kisumu kwa daktari wa mifupa. Tumekwenda juzi. Amesema umevuka pale ambapo mkanda ungesaidia, na bado Sumayya anakua, kwa hiyo utaendelea, na ukiendelea utabana mapafu. Anataka kumpasua, kumwekea vyuma. Nilimuuliza kuhusu kupooza. Hakunidanganya. Alisema ni wachache, lakini wapo.

Halafu akaniuliza: katika ukoo wenu kuna mtu mwenye mgongo kama huu? Anataka kujua kabla ya kupanga, na anataka pia wadogo wa Sumayya waangaliwe. Nikamwambia nitauliza. Sasa nakuuliza tena lile uliloruka.

Habon


Homa Bay, 22 Juni 2025

Dada yangu Habon,

Waalaikumu salaam. Hadiya mzima, anatembea akishika kiuno. Sina salamu nyingi leo.

Hilo pipa tulilijaza pamoja. Mimi ndiye niliyeandika habari ya baridi. Sitasema zaidi, kwa sababu tukianza kugawana tutamaliza karatasi.

Yupo mtu. Ni baba.

Unakumbuka alivyovaa koti kwenye joto lote la Migori, tukimtania kwamba anasubiri baridi ya Limuru? Unakumbuka alivyoegemea kaunta kwa bega moja? Tulidhani ndiyo maringo yake. Alipofariki, mimi na Ami Mohamednur ndio tuliomwosha. Tulipomgeuza kwa ubavu nikauona mgongo wake. Ulikuwa umejikunja vibaya, dada, na mbavu za upande mmoja zimejitokeza. Nilisimama na kata ya maji mkononi. Ami aliniangalia akasema, "Ulichokiona hapa kinabaki hapa." Unajua mafundisho yetu: anayemwosha maiti akiona kasoro mwilini mwake anaisitiri, hata kwa watoto wake. Nilikuwa kijana, lilinishika. Nimemsitiri baba miaka yote hii, na sijawahi kumwambia hata Hadiya.

Uliponiandikia Januari nilijua saa ileile. Na kila ulipouliza, niliona uso wa baba pale kwenye ubao wa kuoshea. Nilijiambia kwamba kusema ni kumvua koti mbele ya watu. Nilipopata barua yako ya mwisho nilikwenda kwa sheikh hapa mjini. Nilimweleza bila kutaja majina. Alinisikiliza akasema kusitiri ni kwa heshima ya maiti, si kwa kumdhuru aliye hai, na kama kuna mtoto atakayefaidika, nimwambie anayehusika na nisimwambie mwingine. Basi nimekuambia. Mwambie daktari wa Kisumu. Mama unaweza kumwacha, yeye alilala naye miaka arobaini, hatuna jipya la kumweleza.

Uliuliza pia waliopinda sana tunawafanya nini. Tunawalaza kwa dawa ili wasisikie, wanakufa, kisha Daktari Linet anawapaka rangi inayoonyesha mifupa na kuwatazama kwa darubini. Mimi ndiye ninayewalaza. Sikutaka uniwazie na mikono hiyo huku ukimwazia Sumayya. Yeye si samaki na hakuna atakayemfanyia hivyo. Huyo daktari anataka aishi.

Na kwa vile leo nimefungua, nikumalizie. Juzi nilivua shati nikamwambia Hadiya asimame nyuma yangu nikiwa kwenye rukuu. Aliniuliza nimeingiwa na nini. Akasema nimenyooka. Haikunisaidia, maana kwenye matangi yetu nimeona wazazi walionyooka wakizaa watoto wanaopinda. Damu inaweza kunipita mimi ikamkuta mtoto. Hadiya analala ubavu, namwekea mkono tumboni, mtoto anacheza, na mimi ninachowaza ni mifupa yake.

Mpeleke Sumayya. Nitakuja nikae na wewe mlangoni.

Yassir


Migori, 9 Julai 2025

Ndugu yangu,

Sote wazima. Abdirashid amerudi na hatoki tena mpaka hili lipite. Anamkatia Sumayya nanasi.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda nikatoa koti la baba kwenye sanduku. Mshono wa bega moja umepanuliwa kwa ndani, kazi nzuri, uzi haulingani na wa kiwandani. Sijui nani alimshonea. Nililia kwa ajili yake, kwamba alikaa na sisi mezani miaka yote na hakuna aliyemuuliza kama anaumwa.

Nimemwambia daktari. Alishukuru, akaandika, hakushangaa. Wadogo wawili wa Sumayya wameangaliwa, bado hawana kitu. Atawatazama kila baada ya miezi sita.

Sumayya nimemweleza yote, hata pipa kwa nini. Ameuliza jambo moja tu: kama atakuwa anasikia wakati wanamkata. Nikamwambia hapana. Akasema, "Sawa, basi tuende." Mimi ndiye niliyelala macho.

Tarehe tumepewa ni ya tano Agosti. Najua ni siku za Hadiya. Usije. Nasema kwa kumaanisha, mtu asiache mke wake katika saa hiyo.

Habon


Homa Bay, 3 Agosti 2025

Dada Habon,

Mtoto amezaliwa jana asubuhi. Ni msichana. Hadiya amechoka lakini mzima, alhamdulillahi. Leo Mayaka amepita hapa kwa gari la rafiki yake, nimempa barua hii aikimbize ikufikie kabla hamjaondoka.

Nilimwadhinia sikioni. Mkunga alipotoka nilimgeuza kifudifudi mkononi mwangu, nikapitisha kidole kutoka shingoni hadi chini, mfupa kwa mfupa. Amenyooka. Muuguzi alinikuta akacheka, "Baba, unatafuta nini hapo?" Nikasema natazama kama ni wangu.

Lakini wewe unajua ninachokijua. Samaki wetu wote wanaanguliwa wamenyooka. Nitaishi na hofu hii miaka kumi na mbili, kumi na tatu, kabla sijaambiwa ndiyo au hapana. Sijui watu wanaishije hivyo. Wewe umeishi hivyo tangu Januari na mimi nilikuwa nakutumia habari za matangi.

Hatujampa jina. Tunasubiri Jumanne ipite.

Yassir


Kisumu, 8 Agosti 2025

Ndugu yangu Yassir,

Assalamu alaikum, na hongera. Nakuandikia kwenye dirisha la wodi, juu ya magoti. Mama yuko Migori na wadogo. Kwa simu nilikuambia "imeisha salama" nikakata. Nikuandikie basi.

Walimchukua saa mbili asubuhi. Alitaka nitembee kando ya kitanda hadi mlango wa mwisho. Alikuwa amevaa lile gauni lao la kijani lililofungwa nyuma kwa kamba, amelala ubavu, mgongo wazi, na kwa mara ya kwanza watu wote kwenye ule ukumbi waliuona, na mimi pia niliutazama hadi mlango ulipofungwa. Mkono wangu ulitaka kuvuta shuka umfunike. Nikauzuia.

Tulikaa. Abdirashid alisoma Yasini akakosea, akaanza upya, akakosea. Mimi sikusoma kitu. Nilikuwa nimeogopa mpaka dua zimenitoka kichwani, nikabaki kusema jina lake. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kila mlango ukifunguliwa nilisimama.

Walipomtoa alikuwa na mirija puani na mkononi, uso umevimba. Daktari alivua kofia, akaniambia vyuma vimekaa vizuri, lakini kuna kitu lazima akione kabla hajaenda kupumzika. Akasubiri hadi Sumayya alipofungua macho kidogo. Akainama. "Sumayya, unanisikia? Nisogezee vidole vya miguu."

Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimesimama mwisho wa kitanda, ninatazama lile shuka jeupe pale linapoinuka juu ya miguu. Halikusogea. Abdirashid alinishika mkono na nikauvuta. Daktari akarudia, polepole, kama anayemwambia mtu aliye chini ya kisima. Yassir, pale nilijua maana ya kuogopa. Kabla ya hapo nilikuwa nacheza.

Shuka likasogea. Mguu wa kulia kwanza, kidogo tu. Kisha wa kushoto. Halafu akafungua mdomo uliokauka akasema, "Hooyo, mbona mnaangalia miguu yangu?"

Nilikaa sakafuni. Muuguzi alidhani nimezimia akaniletea maji.

Bado kuna miezi ya maumivu, na jana walipomkalisha alipiga kelele hadi nikatoka nje. Daktari anasema huo mgongo atauangalia mpaka amalize kukua. Mimi naogopa bado, sikudanganyi, nadhani sasa nitaogopa daima. Lakini mpe mtoto jina, Yassir, usimwache bila jina kwa ajili ya hofu. Na tukitoka hapa mlete kwetu. Mvue nguo umlaze mapajani mwangu, na kila mwaka umlete tena, nami nitamwangalia mgongo.

Dada yako,
Habon